Msiwachome nyuki wa Mikindani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wa Mombasa, hasa wenye nyumba, walimu wakuu na vijana wanaopigiwa simu kila panapotua nyuki. Mimi nauza juisi ya miwa stejini Mikindani tangu 2011. Wateja wananiita Mama Miwa, na jina hilo ndilo lililowasomesha watoto wangu watatu. Mambo ya nyuki sikuyasomea darasani. Nimeyajua kwa kushinda nao mezani mchana kutwa, na kwa marehemu mjomba wangu wa Rabai, aliyerina asali tangu ujana wake mpaka magoti yakamkatalia kupanda miti.

Mwezi wa Februari, kaskazi ikiwa kali, bumba la nyuki liliingia katika tundu la ukuta wa shule moja ya chekechea mtaani petu, juu kidogo ya dirisha, pale palipobaki shimo la bomba la zamani. Walikaa pale wiki tatu. Niliwatazama kila nikipita kumpeleka mjukuu wangu: asubuhi wanatoka mmoja nyuma ya mwingine kama uzi, wanashika njia ya mikokoni, jioni wanarudi. Katika wiki hizo tatu hapana mtoto hata mmoja aliyeumwa. Halafu mzazi mmoja akalalamika, na Jumanne hiyo, saa nne asubuhi, watoto wako nje wanakunywa uji, wakaja vijana wawili na chupa ya petroli. Wakamwaga tunduni, wakawasha.

Nyuki waliokuwa ndani waliungua. Lakini saa nne asubuhi nyuki wengi wakubwa hawako ndani, wako kazini. Wakarudi na chakula chao wakaikuta nyumba inawaka moto, na chini ya nyumba hiyo wako watoto. Nilisikia vilio kutoka kibandani kwangu, na kibanda changu kiko mbali na shule ile kiasi cha mtu kutembea dakika tatu.

Wasiojua wajue hili. Nyuki akiuma, mwiba wake hubaki mwilini pamoja na kimfuko cha sumu kinachoendelea kusukuma, na palepale hutoka harufu, ukiwa karibu utadhani ni ndizi mbivu, inayowaita wenzake waje paumwe hapo hapo. Ukipunga mikono wanakuja zaidi. Ukisimama unaumwa zaidi. Dawa ni kukimbia, uingie ndani ufunge mlango, kisha miiba uikwangue upesi kwa ukucha, bila kungoja kutafuta kibanio. Mtoto mmoja wa miaka minne nilimbeba mimi mwenyewe. Nilimkwangua miiba 19. Alilazwa usiku mmoja akatoka salama, alhamdulillahi. Mbuzi wa jirani aliyekuwa amefungwa kamba hapo uwanjani alikufa, kwani hakuwa na pa kukimbilia.

Sisemi vijana wale ni wabaya. Walipewa shilingi 500 wafanye wanachokijua, wakafanya. Wala simlaumu mzazi kuogopa, nyuki wetu wa Afrika ni wepesi wa hasira kuliko wa Ulaya na wakifukuza hufukuza mbali. Ila naandika kwa sababu kuna njia nyingine, nimeiona kwa macho yangu, na haikumwumiza mtoto wa mtu.

Mwaka 2019 nyuki waliingia katika sanduku la mbao ninaloweka glasi. Nilimpigia mjomba. Jambo la kwanza aliniambia: usiwaguse, funika mashine, nenda nyumbani, mimi nakuja giza likiingia. Akaja baada ya magharibi na kikapu. Ndani ya kikapu mna makumbi makavu ya nazi, kisu, ubawa wa kuku, kamba za ukindu na tochi aliyoifunga karatasi nyekundu, kwa kuwa nyuki hawaioni rangi nyekundu. Mzinga alikuja nao begani. Akayawasha makumbi yakafuka moshi mzito bila ndimi za moto, akaupeleka moshi mlangoni pa sanduku kidogo kidogo, akangoja. Nikamwuliza anangoja nini. Akasema nyuki akisikia moshi hudhani msitu unaungua, hukimbilia kujaza asali tumboni ili ahame nayo, na aliyeshiba hana haja ya ugomvi. Baadaye nimekuja kujua kwamba moshi ule pia huifunika ile harufu ya kuitana.

Kisha akaanza kukata masega, moja moja, kwa utulivu ambao sijamwona nao mtu mwingine. Yale yenye watoto wa nyuki aliyafunga kwa ukindu kwenye vijiti vya mzinga, kwa kuwa mama haachi watoto, ndivyo alivyosema. Nyuki aliwapangusa kwa ule ubawa wa kuku. Malkia alipoingia mzingani, waliosalia walijipanga wenyewe kwenye kilango, wakainua mikia na kupepea mbawa, wanawapulizia wenzao harufu ya nyumbani. Wakaingia wote kama watu wanaoingia msikitini siku ya Ijumaa. Kabla ya adhana ya alfajiri mjomba alishapanda tuktuk, mzinga umefunikwa gunia, anarudi Rabai. Yeye aliumwa mara mbili mkononi. Gharama yangu ilikuwa nauli na chakula cha usiku.

Na hao walikuwa wameshajenga. Bumba linaloning'inia tu kwenye tawi la mkungu au kwenye nguzo ya stima ni jambo jepesi zaidi: hao wako safarini, hawana watoto wala asali ya kulinda, matumbo yamejaa, na mara nyingi baada ya saa kadhaa au siku moja mbili huondoka wenyewe. Hawa ndio ninaowaona wakipigwa mawe na vijana wa stejini, nao wakianza kuuma tunasema nyuki ni wakali. Namshukuru ustadhi wa madrasa ya jirani, ambaye siku moja alisimama kati ya vijana na bumba akawauliza wangapi wamehifadhi Sura ya 16, An-Nahl, na nahl maana yake nini. Mawe yaliwekwa chini.

Sasa niseme langu, maana siwezi kuwanyoshea wengine kidole nikajificha.

Kwa miaka kumi, kila asubuhi kabla ya kufungua, nilipuliza dawa ya mkebe juu ya meza, juu ya mashine, kandokando ya ndoo. Muuza juisi ya miwa yeyote anajua sababu: saa tatu tu nyuki wameshafika, na mteja akiona nyuki kwenye jagi hupita. Walianguka, nikawafagia, nikafuta meza kwa kitambaa, nikalaza miwa juu yake nikaanza kukamua. Kwenye mkebe imeandikwa usipulize penye chakula. Maandishi nilikuwa nikiyaona kila siku, kuyasoma sikuyasoma. Watoto wa shule wamekunywa kutoka meza ile. Nawaomba radhi wao na wazazi wao.

Nilivyoacha ni hadithi ya sukari. Mwaka 2021 nilishikwa na kiu isiyokwisha, usiku natoka mara nne tano kwenda haja ndogo, unyayo wa kulia ukawa na ganzi. Nikaenda zahanati, wakanitoboa kidole asubuhi sijatia kitu tumboni: sukari damuni 17.4 (mmol/L), nina ugonjwa wa sukari. Muuguzi, mama mtu mzima kama mimi, akaniuliza nakunywa nini kutwa. Nikamjibu kwa kujiamini, nakunywa juisi yangu ya miwa, sitii sukari hata chembe. Kila jioni nilikuwa nikimaliza iliyobaki kwenye jagi, isimwagike bure, na mchana nikisikia joto nakunywa nyingine. Glasi nne kwa siku, wakati mwingine tano.

Akachukua karatasi akanipigia hesabu mbele yangu. Glasi ya mililita 300 ya maji ya miwa ina sukari gramu 40 hivi, yaani vijiko vya chai kumi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe kama gramu 50 za sukari ya namna hiyo kwa siku nzima, na afadhali zaidi asivuke 25, vijiko sita. Mimi kwa juisi peke yake nilikuwa nafika vijiko arubaini na zaidi, bado chai na mahamri. Nilikaa kimya. Kisha nikamwuliza, basi nihamie asali? Akasema asali nayo inahesabiwa humo humo, pamoja na sukari.

Nawapenda nyuki, lakini sitasema uongo kwa ajili yao. Huku mjini kuna watu wanaouza chupa za asali wakimwambia mgonjwa wa sukari aache vidonge. Ndugu yangu, usiache vidonge. Asali ni chakula kizuri, kijiko kimoja kwa kikohozi cha mtu mzima ni kitulizo, lakini kwa mgonjwa wa sukari inapanda damuni kama tamu nyingine. Na ile desturi yetu ya kumlambisha mtoto mchanga asali, naomba kina nyanya wenzangu tuiache mpaka atimize mwaka mmoja. Asali huweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuzizuia, zikamlegeza viungo na pumzi. Ikiwa ni kumtia utamu mdomoni, tende iliyolainishwa ipo.

Muuguzi akanipa orodha ya kula: mboga za majani, mabamia, matango, kunde, majani ya maboga, samaki wa kuchoma badala ya wa kukaanga, hamri moja mahali pa nne, na kutembea. Mboga za kununua kila siku zingenishinda, nikaamua kupanda. Nyuma ya nyumba pana kipande cha ardhi kama upana wa mikeka mitatu. Mchicha na mabamia nikatia katika magunia, boga nikalipanda chini, pale yanapopita maji ya kuogea. Likatambaa mpaka ukutani, likatoa maua, na chini ya baadhi ya maua viboga vidogo kama ndimu. Nikafurahi. Baada ya siku nne viboga vikageuka manjano, vikanyauka, vikaanguka. Vinane nilivihesabu.

Mjomba alikuwa bado hai. Alikuja kunitazama kwa ajili ya ugonjwa, nikampeleka kuona boga. Hakutazama majani wala mizizi. Alikaa kwenye kibao saa moja asubuhi akiyaangalia maua, akaniuliza, "Mwanangu, nyuki wako wako wapi?" Nikamwambia, wakija stejini nawapulizia dawa. Akasema, "Basi boga umeliua wewe."

Akanionyesha. Boga lina maua ya kiume, yenye kikonyo kirefu chembamba, na ya kike, yenye kiboga chini yake. Ua hufunguka alfajiri, likafumba kabla ya adhuhuri, na halifunguki tena. Unga wake ni mzito, unanata, upepo hauwezi kuubeba. Lazima apite mdudu, aingie la kiume atoke na unga mgongoni, aingie la kike, tena si mara moja, mara nyingi, yote katika asubuhi ile moja. Asipopita, kiboga hufa. Nyuki waliokuwa mezani kwangu ndio wale wale waliotakiwa kuwa kwenye maua yangu. Nyuki hufuata chakula kiasi cha kilomita tatu na zaidi, na kutoka stejini mpaka nyuma ya nyumba yangu hapafiki hata nusu kilomita.

Hili ndilo lililonifanya niandike, Mhariri. Nilikuwa nimeambiwa nile mboga nipone, na kila asubuhi nilikuwa nikiwaua wanaonizalishia. Baadaye binti yangu alinisomea kwamba katika aina kuu za mazao ya chakula duniani, kama robo tatu yanahitaji kwa kiasi fulani wadudu na viumbe wanaobeba chavua, yaani ule unga wa maua. Tazameni soko la Kongowea asubuhi: matikiti, matango, maboga, maembe, korosho, kahawa ya bara. Mkiwatoa nyuki na wenzao, sijui meza hizo zitabaki na nini zaidi ya mahindi na mihogo, na mimi mahindi na mihogo ndiyo niliyoambiwa nipunguze.

Mkebe niliutupa siku ile. Lakini bado ilinipasa niuze juisi, na nyuki bado wanakuja, hivyo nitaeleza nilichofanya, kwa faida ya wenzangu wenye mashine. Makapi ya miwa, ambayo zamani niliyarundika miguuni pangu, sasa nayapeleka hatua ishirini kutoka mezani, chini ya mwarobaini, kila baada ya nusu saa. Nyuki wameyafuata huko huko, kwani wanachotaka ni ule utamu uliobaki kwenye nyuzi. Mashine naimwagia maji mara kwa mara. Jagi lina kifuniko, ndoo ina kitambaa cha chachi. Glasi ni za kioo za kuoshwa, kwa sababu vikombe vya kutupa vikibaki na kidole kimoja cha juisi au soda chini, nyuki huingia wasitoke; nimewahi kuona kikombe kimoja na nyuki thelathini waliokufa. Na beseni la maji lenye kokoto za kutulia, kando ya makapi. Wakati wa kaskazi hulijaza mara tatu kwa siku. Nyuki hawayanywi tu maji hayo, huyapeleka nyumbani wakayatandaza na kuyapepea mpaka ndani pakapoa, maana penye watoto wao pasizidi nyuzi 35 hata jua la nje likiwaka vipi.

Glasi yangu sasa ni ndogo, mililita 150, na ndani natia ndimu na tangawizi nyingi. Anayetaka kubwa namwambia kwanza ina vijiko vingapi vya sukari. Wengine huchukua, wengine huniomba dafu. Mauzo ya miwa yamepungua, ya madafu yamepanda. Sukari yangu mwezi uliopita ilikuwa 7.1. Na boga, msimu uliofuata ule wa viboga vinane, lilinipa maboga kumi na moja, moja nikalipeleka kwa muuguzi.

Kuna jambo jingine, la moshi wa mbu, na hapa naomba nisieleweke vibaya. Chikungunya ile ya mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2018 hapa Mombasa ilinipata. Miezi miwili vidole havikuweza kushika muwa. Mbu ni adui yangu. Lakini mwaka juzi walipita watu na mashine za kupuliza mgongoni, saa mbili asubuhi, hawakumtangazia mtu, maua ya boga yako wazi, mwembe wa jirani umechanua. Ndani ya saa moja niliwakuta nyuki chini, chali, wanazunguka kama pia, wengine bado wana chavua miguuni. Dawa zinazoua mbu haziwachagui.

Mbu wa homa hizo, wa chikungunya na wa dengi, ni yule mwenye madoa meupe miguuni, na huzaa katika maji tunayoyaweka wenyewe. Sisi watu wa Mombasa maji yetu ni ya zamu, tunanunua mitungi kwa mikokoteni, tunajaza mapipa, na pipa lisilofunikwa ndilo nyumba yake. Moshi huua mbu anayeruka siku hiyo, hauwafikii viluwiluwi walio majini wala mayai yaliyogandama ukutani mwa pipa, ambayo huweza kukaa makavu miezi na maji yakija yakaangua. Kutoka yai mpaka mbu ni kama siku saba hadi kumi. Kwa hivyo mwenye kusugua pipa lake kila Ijumaa, akalifunika, akamwaga maji ya matairi na vifuu uani, amefanya kazi ambayo mashine ya mgongoni haiwezi, na hakuua nyuki hata mmoja. Na pale inapobidi kupuliza, basi watangaze siku moja kabla, wapulize jua linapoelekea kuzama. Mbu huyo huuma sana asubuhi na tena jioni, kwa hiyo jioni hawapotezi kitu, na nyuki wakati huo wameshaingia nyumbani.

Kuhusu asali yenyewe sina mengi. Nyuki mmoja mtendakazi, katika wiki sita hivi anazoishi wakati wa kazi, hutengeneza asali kiasi cha sehemu moja ya kumi na mbili ya kijiko cha chai. Kijiko kimoja ni maisha ya nyuki kumi na wawili. Mtu akikuuzia chupa nzima kwa bei ya sukari, hiyo ni sukari iliyopikwa na ndimu. Kuichoma kwa kiberiti au kuidondosha majini hakuthibitishi kitu, na kuganda si dalili ya uongo, asali ya kweli huganda. Mnunue kwa mtu anayeweza kukupeleka ukaona mizinga yake. Watu hao wapo karibu kuliko tunavyodhani, kwani vipo vikundi vya wahifadhi mikoko vilivyotundika mizinga ndani ya mikoko yenyewe. Mti wa mchu unapochanua vile viua vyake vidogo vya manjano, ukipita kando ya hori la Tudor unasikia uvumi. Siku hizo mezani kwangu nyuki hupungua. Nionavyo mimi, nyuki anayekuja kwenye miwa ni nyuki aliyekosa maua, na kila mkoko unaokatwa kwa makaa unamleta karibu zaidi na watoto wa chekechea. Wenzetu wa Hadhramaut asali ya mkunazi ndiyo wanayoienzi kuliko zote, nasi mkunazi tunaufyeka kwa sababu una miiba.

Ninachoomba kwa serikali yetu ya kaunti na kwa machifu ni kitu kidogo: karatasi moja ibandikwe katika kila ofisi ya chifu, kila wadi, yenye namba za simu za wafuga nyuki walio tayari kuja usiku kuwachukua. Bumba la bure kwa mfugaji ni mali, wengi watakuja kwa nauli tu. Mei 20 ni siku ambayo Umoja wa Mataifa umewatengea nyuki tangu 2018. Karatasi hiyo ingeweza kubandikwa kabla ya siku hiyo kufika.

Narudi kwenye ule ukuta wa chekechea. Baada ya moto, mwenye shule alimwita fundi akapiga plasta nyembamba na rangi. Masega yaliyoungua hayakutolewa. Nta imo ndani, na harufu ya nta nyuki huisikia miaka, kwao ni kama kibao kilichoandikwa nyumba ya kupanga. Plasta imeshapasuka pembeni. Juma lililopita niliwaona sita, wanatua kwenye ufa, wanaingia, wanatoka, wanazunguka dirisha, wanarudi tena. Hao ni wapelelezi, nyuma yao liko bumba mahali. Mwenye shule nimemwendea mara mbili, na ameniambia wakihamia atawaita wale wale vijana. Binamu yangu, mtoto wa mjomba, yuko Rabai, ana mzinga mtupu na makumbi makavu. Yuko tayari kuja usiku wowote, ayakwangue masega yote, azibe ufa kwa saruji, kwa nauli na chakula. Nangoja ruhusa ya mwenye shule, na nimeandika barua hii nikitumai ataisoma kabla watoto hawajarudi kutoka likizo.

Mama Miwa,
Mikindani, Mombasa